Sukari ya Mzee Pima

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la rangi na mabomba, na mwenye duka ameshachoka kutufukuza. Mwisho wa kushoto ni pangu: kigoda, nyundo, misumari, na viatu vya watu wasiokuja kuvichukua. Mimi ni fundi viatu. Wananiita Gundi, kwa sababu nikishashika ubishi sibanduki. Mwisho wa kulia ni kibaraza cha Mzee Pima, fundi cherehani, ambaye hawezi kukusalimia bila kwanza kukukadiria mabega na kiuno. Katikati anakaa Shangazi na jiko lake la mkaa, buli la kahawa, na kopo la sukari lisilo na kifuniko, kila mtu anajitilia apendavyo. Si shangazi wa yeyote kati yetu, ila anatukaripia kana kwamba sote tumezaliwa na kaka yake. Waliobaki ni Volti, fundi umeme; Bucha, muuza nyama; na Profesa, ambaye alikuwa tarishi wa chuo na amebeba mafaili ya wasomi kwa miaka mingi mpaka akaamini yamemwingia. Asubuhi hiyo hatukuwa na ubishi wowote, jambo ambalo si la kawaida. Mzee Pima alikuwa amekwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, na sisi tulikuwa tunaomba achelewe kurudi. Akirudi mapema, maana yake wamemkatalia tena.

Akarudi mapema.

Tulimwona akija taratibu, vidole vikipapasa ukuta, mkoba wa hospitali ukining'inia begani na ndala zikichungulia. Alipofika kwangu akakanyaga kiatu cha mteja, akakiomba radhi.

— Wamekurudisha? Shangazi akauliza, ingawa mtu mwenyewe alikuwa mbele yake.

— Wamenirudisha.

— Sukari?

— Sukari. Iko juu. Wanasema jicho likipasuliwa damu ikiwa hivi, kidonda kinaweza kushika usaha, niishie kulipoteza kabisa.

— Mara ya kwanza si ilikuwa juu? akauliza Bucha.

— Juu.

— Mara ya pili?

— Juu zaidi.

— Na leo?

— Leo daktari kamwita mwenzake aje aone.

Tukamkalisha katikati ya benchi. Shangazi akammiminia kahawa chungu, kama daktari alivyoagiza, akaiweka sakafuni karibu na mguu wake wa kulia, mahali alipoizoea. Mzee akainyanyua, akapiga funda, akakunja uso, akairudisha chini. Ule uso wake wa kunywa kahawa chungu unatia huruma, lazima niseme. Hata mimi ambaye sina huruma naangalia pembeni.

Niwaeleze hali yake msije mkadhani ni mzaha. Jicho la kulia limebaki kujua mchana na usiku tu. La kushoto linaona vivuli tu, kama anayetazama watu waliokaa kwenye moshi. Anashona kwa vidole. Mchana kutwa anapapasa pindo, anahesabu nyuzi kwa kucha, na kwa muda mrefu ilikuwa inatosha. Siku hizi haitoshi. Majuzi alimkabidhi mtu suruali yenye mifuko yote miwili upande mmoja, na yule bwana, kwa heshima, akaivaa. Mke wake alishatangulia, Mungu amrehemu, na binti yake wa pekee ameolewa mbali, anapiga simu tu. Macho yakiisha, cherehani imekwisha, na Mzee Pima bila cherehani mimi simjui.

— Hebu tulifikirie hili jambo kitaalamu, akasema Profesa, na hapo nikajua kahawa yangu itapoa. Mzee, sukari huli?

— Sili.

— Soda?

— Nimesahau hata chupa yake inafananaje.

— Vidonge vyako?

— Nameza asubuhi na jioni. Ugali kidogo, mboga nyingi. Nimekonda mpaka nimejipunguzia suruali zangu mwenyewe.

— Basi kosa haliko kwako, akadakia Volti. Kosa liko kwenye mashine. Vile vipimo vinatumia betri. Betri ikianza kufa, mashine inapandisha namba ili isidharauliwe. Nimeviona hivyo kwenye mita za umeme.

— Mita zipi? nikauliza.

— Mita, bwana. We shona kiatu.

— Mashine ile ile inampima kila mtu, nikamwambia. Kwa nini impandishie yeye tu?

— Sasa ndiyo unaingia kwenye utaalamu, na huko hutaelewa.

Bucha akatikisa kichwa. Bucha ni mtu mkubwa, ana mikono ambayo ikishika kikombe kikombe kinapotea.

— Tatizo ni kidole. Damu wanaitoa kwenye kidole, sivyo? Huyu mzee kidole chake kimechomwa sindano maisha yake yote. Kidole kimekasirika. Kikiona sindano nyingine inakuja, tena ya mtu kisiyemjua, kinatupa kila kilichonacho. Wampime sikio.

— Sikio lina damu gani? Shangazi akauliza.

— Ng'ombe ana damu nyingi sana sikioni.

— Mzee Pima ni ng'ombe?

— Shangazi, mimi nazungumza sayansi.

Akasema hivyo huku akiinama kumtoa mzee uzi uliokuwa umening'inia kwenye mguu wa suruali, akakaa ameinama pale kidogo. Ndivyo alivyo Bucha: mdomo mpana, lakini moyo wake laini.

Profesa alikuwa anangoja zamu yake kama mtu aliyeombwa kuhutubia.

— Yote hayo mmekosea. Mzee, ukiwa kwenye foleni pale hospitali, unakaa karibu na nani?

— Leo nilikaa karibu na bwana mmoja mnene.

— Mnene sana?

— Benchi lilikuwa linainuka upande wangu.

— Hilo ndilo jibu! Profesa akasimama kabisa. Sukari inahama. Mwili uliojaa unapunguzia ule wenye nafasi. Ninyi mmekaa ubavu kwa ubavu, jasho kwa jasho, foleni ndefu. Yule bwana ameingia kwa daktari sukari yake iko safi, kasifiwa, kaenda nyumbani. Wewe umebeba mzigo wake.

— Profesa, hilo umelisoma wapi? nikauliza.

— Kwenye faili.

— La nani?

— Lilikuwa limefungwa. Lakini lilikuwa zito.

Tulicheka mpaka mwenye duka akatoa kichwa nje. Mzee Pima naye akacheka, na nilifurahi kumwona, maana alikuwa amerudi na uso wa msibani. Volti akapitisha mkono mbele yake kumfukuzia nzi kwenye kikombe. Mzee akanyanyua tena, akanywa, akakunja uso.

— Na hayo macho yenyewe, akaendelea Volti, mnajua wanavyofanya? Wanalitoa jicho zima, wanaliweka kwenye kisahani, wanalipangusa, wanarudisha. Jirani yangu alirudishiwa vibaya, akawa anajiona kisogo.

— Muongo we, akasema Mzee Pima. Hakuna jicho linalotolewa. Daktari amenieleza vizuri, yule binti. Ndani ya jicho kuna kioo, ndicho kilichoingia ukungu. Wanachana kidogo tu, wanatoa kile kilichochafuka, wanatia kipya. Hata usingizi hawakupi. Ganzi tu. Unalala pale unamsikia anaongea na wenzake.

— Uko macho? akauliza Bucha.

— Niko macho.

— Na kisu kiko jichoni?

— Kidogo tu, kama cha…

Bucha akashika ukuta. Mtu anayeamka alfajiri kuchinja, anayekata mifupa huku anapiga mluzi, alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Shangazi ikabidi ampepee na kipepeo cha jiko, majivu yakamwingia puani, akapiga chafya, akapona.

— Mimi nawaambia lisiguswe, akasema alipopata sauti. Kitu hicho lazima kiive kwanza. Kikiiva kinadondoka chenyewe.

— Kinadondokea wapi?

— Mtajua wenyewe.

Hapo ndipo alipofika yule mama. Hakuwa wa mtaa wetu, sikuwahi kumwona. Mwanamke wa makamo, mnene wa kiasi, mikono yenye nguvu, baadaye tukajua anauza mitungi ya gesi. Alikuwa ameshika gauni begani kama mtu aliyekuja polisi na ushahidi.

— Fundi ni nani hapa?

— Mimi, mama. Karibu, akasema Mzee Pima, na uso wake ukageukia sauti, siyo mtu.

— Baba, gauni hili nilimtuma mtu alilete lipunguzwe mikono. Mmoja umepunguzwa. Mwingine umeongezwa.

Volti akaangalia angani kama kuna waya wa kukagua.

— Lete nilishike, mzee akasema polepole. Akapitisha vidole mkono wa kwanza, akapitisha wa pili, akarudia. Nisamehe, mama. Hii aibu ni yangu. Kaa hapo, ninalirekebisha sasa hivi.

Yule mama akamtazama vizuri, akayaona yale macho, sauti yake ikashuka.

— Hakuna haraka, baba. Harusi yenyewe ni mwisho wa wiki.

Akasogezewa nafasi. Shangazi akamtilia kahawa, Profesa akaona amepata mwanafunzi mpya, akamweleza habari yote kwa urefu: mtoto wa jicho, kisukari, hospitali kumrudisha mzee mara kwa mara, foleni, na yule bwana mnene. Yule mama alisikiliza akipuliza kahawa yake.

— Na haya tunayoyasema si maneno matupu, akamalizia Profesa. Ushahidi huu hapa chini. Hebu angalia.

Akaonyesha sakafuni. Mstari wa sisimizi ulikuwa umetoka chini ya ukuta, umekata katikati ya viatu vyangu, umempita Volti, umempita Bucha bila kumsalimu, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye mguu wa kulia wa Mzee Pima.

— Kila siku wanakuja kwake tu, akasema Profesa kwa sauti ya chini. Hawa wadudu wana pua kali. Wameinusa damu. Mzee huyu amejaa sukari mpaka sisimizi wamejua, na hospitali bado wanatafuta betri.

— Mimi ndio wameniletea balaa, Shangazi akasema. Kopo langu la sukari linaisha kabla ya wiki haijaisha. Nimezungusha majivu, nimezungusha chumvi, wanapita tu. Sijui wanaibebaje, vitu vidogo vile.

Yule mama akainama kutazama.

— Sasa, akauliza, hawa wanamfuata mtu au wanafuata kikombe?

Hilo hakuna aliyewahi kuliwaza. Akakinyanyua kikombe cha mzee, akakiweka upande wa pili, karibu na nyundo yangu. Tukakodoa macho. Sisimizi wa mbele wakazunguka kidogo pale palipokuwa na kikombe, wakabishana wao kwa wao, wakapinda kona kuelekea kwangu.

Yule mama akakichukua kikombe, akakinusa, akapiga funda dogo. Akalishikilia mdomoni kama mtu aliyepewa dawa. Akameza.

— Jamani. Hii ndiyo kahawa chungu?

— Chungu tupu! Shangazi akaruka. Namtilia mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Mkono huu ukatike kama nimemtilia mzee huyu sukari!

— Mama, kijiko kinasimama humu.

Shangazi akaipokea, akaonja, akatema pembeni. Sijawahi kumwona akitema kahawa yake mwenyewe. Akaweka kikombe chini, akashika kiuno, akatutazama mmoja mmoja kuanzia kulia.

Volti akakohoa.

— Mimi… kimoja tu, Shangazi. Asubuhi moja moja. Nilikuwa namhurumia, ule uso anaoukunja. Nikasema kijiko kimoja hakiwezi kumwangusha mtu mzima.

— Wewe ndiye uliyekuwa unatia? Bucha akashangaa kwa dhati. Mimi nilidhani ni mimi peke yangu! Kimoja, na siku ya soko kimoja na nusu, kwa sababu siku hiyo anachoka.

— Profesa! Shangazi akaita.

— Mimi nilifanya hesabu, akasema Profesa akijifuta jasho. Kwa kuzingatia umri wake na kazi ya kukanyaga cherehani…

— Vingapi?

— Viwili. Lakini vya wastani.

— Vya wastani!

— Vya kujaa, lakini kwa wastani.

— Wote hawa! Shangazi akapaza sauti. Mimi namnyima mtu sukari roho inaniuma, nazungushia kopo majivu kama mwendawazimu, na ninyi mnapitisha mikono mbele yake kwa sababu haoni! Upande ule ule wa jicho lililokufa! Hamna haya!

— Lakini, Shangazi, akasema Bucha polepole, zile asubuhi za kwenda hospitali, ile kahawa ya alfajiri ambayo anakunywa kabla sisi hatujafungua… sisi hatukuwepo.

Shangazi akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

— Shangazi?

— Mtu anakwenda kupasuliwa, akasema bila kututazama. Tumbo tupu. Unampa uchungu mtupu aende nao? Nilimtilia kidogo chini. Hata sikukoroga.

— Shangazi! Volti akapiga kelele. Mkono! Umeuapia mkono!

— Nimeapa habari ya leo!

Wote wakanigeukia mimi.

— Na wewe, Gundi?

Nikasimama, nyundo mkononi. Katika maisha yangu sipati nafasi nyingi za kuwa msafi mbele za watu.

— Mimi sikumtilia hata chembe.

— Huyo mwacheni, Shangazi akasema. Huyo hata mate yake anameza kwa hesabu.

Basi utakatifu wangu ukaishia hapo. Bucha akaanza kumlaumu Volti, Volti akamlaumu Profesa, Profesa akaanza kueleza kwamba kama wangeshirikiana na kuweka zamu, jumla isingezidi. Kila mmoja alikuwa amemtafutia mzee raha ndogo, na raha zote zilikuwa zimekutana kwenye kikombe kimoja. Nusura wapigane. Ni yule mama wa gesi aliyewakatiza.

— Ngojeni kwanza. Baba, ulimi nao una ukungu?

Mzee Pima alikuwa ameshika lile gauni magotini, akiliviringisha na kulifungua.

— Nimekunywa kahawa maisha yangu yote, mama.

— Basi ulijua.

— Nilijua toka kikombe cha kwanza.

— Na huo uso uliokuwa unaukunja? akauliza Volti.

— Nilikuwa nawakunjia ninyi.

Nilikaa chini. Nimemfahamu mzee huyu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na nilidhani najua kila kilichomo ndani yake, kama ninavyojua kiatu nilichokishona mara kumi. Nilihisi hasira, nakiri, hasira kali ya mtu aliyechezewa. Kisha nikamtazama mikono, nikaona bado inaliviringisha lile gauni.

— Daktari aliniambia mambo mawili, akasema. La kwanza nimewaambia: ukungu unatoka, kazi ndogo. La pili sikuwaambia. Alisema nyuma ya jicho, huko ndani kabisa, kuna utando ndio unaoona hasa. Na sukari, ikikaa mwilini miaka mingi, inaharibu vijishipa vya pale, vinavuja, na mtu hasikii maumivu. Akanimulika aone huko nyuma pakoje. Hakuona kitu, ukungu umeziba. Akaniambia, mzee, tukishautoa ndipo tutajua.

Shangazi alikuwa ameacha vikombe.

— Basi nikawa nakunywa. Kwa sababu leo nikiwa sioni, nasema ni ukungu tu, kuna siku utatolewa. Nalala na neno hilo. Sasa watautoa, halafu nifungue jicho, niwe sioni. Nitalala na neno gani?

Volti, ambaye hawezi kuvumilia kimya, akajaribu:

— Utasema umeme umekatika.

Bucha akamkanyaga mguu kwa kisigino, na ni kisigino nilichokitia chuma mimi mwenyewe. Volti akauma midomo. Halafu kila mtu akaanza kumfariji kwa namna yake, na ilikuwa vibaya kuliko mzaha. Bucha akasema ng'ombe wake wengi wameishi vizuri bila kuona, hadi siku ya mwisho. Profesa akasema utando wa nyuma unajikunja wenyewe ukipumzishwa, kwa hiyo mzee alifanya vyema kusubiri, apumzishe mwaka mmoja, hata miwili. Shangazi akasema Mungu mkubwa. Mzee akawa anaitikia yote, ndiyo, ndiyo, na nikaona anaanza kuegemea lile la Profesa, kusubiri, kama mtu anayesogelea mto wa kulalia.

— Mimi si daktari, akasema yule mama. Mimi nauza gesi. Ila naomba niulize. Hiyo sukari huko nyuma, wakati wewe unaogopa, imesimama inakungoja?

Volti akamtazama Bucha. Bucha akamtazama Profesa. Profesa akafungua mdomo, akainua kidole, kidole kikakaa hewani, kikarudi chini chenyewe. Katika miaka yote ya benchi lile sijaona swali likipita watu wote wale bila kushikwa na mmoja. Hata sisimizi walikuwa wamesharudi kwenye shimo lao.

— Haijasimama, akajibu Mzee Pima mwenyewe, mwishowe. Binti wa watu aliniambia hivyo hivyo, na mimi nikajitia sikusikia. Alisema wakiwahi, huko nyuma kuna mwanga maalum wa kupiga, na kuna sindano, wanazuia pasiharibike zaidi. Ila wawahi. Na hata nikiona vizuri baada ya kutolewa ukungu, lazima niwe narudi kila mwaka wapachunguze.

— Basi, akasema mama wa gesi.

— Basi, akasema mzee.

Akalikunja lile gauni, mikono miwili isiyolingana ikining'inia, akaliweka pembeni. Akamwambia Shangazi amwage ile sharubati. Shangazi akaimwaga mtaroni, kisha akalichukua kopo la sukari, akalitia ndani ya blauzi yake, na mpaka leo mwenye kutaka sukari anaomba kwa adabu.

— Wamenipa nafasi nyingine Jumatatu, mzee akaendelea. Sukari ikiwa imeshuka. Na kuna jambo moja. Wanataka mtu wa kunisindikiza, maana jicho likishafungwa bandeji sitaweza kurudi mwenyewe. Hizi mara zote nimekuwa nikiwadanganya. Leo nilimwomba mlinzi wa getini ajifanye mpwa wangu. Akakubali, lakini akaulizwa jina langu.

Bucha alitaka kucheka, akajizuia.

— Mnajua sipendi kumsumbua mtu. Kila mmoja wenu ana kazi yake ya asubuhi. Lakini nauliza tu. Jumatatu, kuna atakayekwenda na mimi?

Bucha akanyoosha mkono juu mara moja, lile pande la mkono. Volti akanyoosha, koleo likiwa bado kiganjani. Profesa akanyoosha, kidole mbele kama darasani. Shangazi akanyoosha mkono ule ule aliouapia. Na mimi, ambaye simgawii mtu kitu, nikajikuta nimenyoosha wangu pamoja na kiatu cha watu nilichokuwa nimekivaa kiganjani. Tukakaa hivyo, mikono yote juu, tukitazamana kwa fahari, hakuna aliyetoa neno.

Mzee Pima akasubiri. Uso wake uligeuka kushoto kwetu, ukageuka kulia. Nikaona kidevu chake kinashuka polepole.

— Si kitu, akasema. Nilijua mna kazi.

— Semeni kwa midomo, jamani! akafoka mama wa gesi. Haoni!